Chuma cha Marekani kwenye Njia ya Swima

Ford Model T halikuwa na pampu ya mafuta. Tangi lilikaa chini ya kiti cha mbele, na petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye kabureta kama maji yanavyoshuka mferejini. Tambarare hakuna aliyeona shida. Mlimani, petroli ikiwa imepungua, kabureta ilikuwa juu kuliko tangi, injini ikakosa cha kunywa, ikazima. Madereva walipata dawa mapema: waligeuza gari na kupanda kinyumenyume. Tangi likawa juu, injini chini, na gia ya kurudi nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Aliyewahi kusafiri kutoka Baraka, pale ufukweni, hadi Fizi juu mlimani hahitaji kuelezwa zaidi. Anaiona picha ya gari kama hilo kwenye mwinuko ule: taa zinatazama ziwa, shingo ya dereva imegeuka, na kando yake anakimbia kijana mwenye gogo la kuzuia gurudumu.

Swima iko chini, kwenye njia ya ziwa, kati ya Uvira na Baraka, mashariki mwa Kongo. Upande mmoja ni milima, upande mwingine ni Ziwa Tanganyika, na ukanda mwembamba unaobaki katikati unagawanywa na nyumba, mihogo, michikichi na barabara. Kwenye ramani inaitwa Barabara ya Taifa namba 5. Mito inashuka kutoka milimani kwa kasi, na kila msimu wa mvua hudai sehemu yake ya barabara. Gari lililoweza kuishi hapa lilipaswa kuwa na mambo matatu: tumbo lililo mbali na ardhi, springi zisizoogopa mashimo, na injini ambayo mtu mwenye spana chache angeweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya giza. Kwa muda wa nusu karne hivi, magari yaliyotimiza masharti hayo vizuri kuliko mengine yalikuwa ya Kimarekani.

Historia ya magari hayo kwa kawaida husimuliwa kupitia walioyanunua: wakoloni, makampuni, misheni, majeshi. Walioyafungua na kuyafunga hawatajwi. Hao ndio waliokuwa na elimu ya kweli ya chuma hicho, na bila wao hakuna gari ambalo lingeuona mwaka wake wa tano kwenye njia ya Swima.

Kabla ya magurudumu kulikuwa na maji. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walipita ziwani kwa mitumbwi wakidhani Ubwari ni kisiwa. Ni rasi, na ghuba iliyo kati yake na Baraka bado ina jina la Burton. Bidhaa zilisafiri kwa kasia na kwa mabega ya wapagazi, na hata Wabelgiji walipoanza kuchonga barabara ukingoni mwa ziwa, mtumbwi uliendelea kuwa wa haraka na wa uhakika kuliko chochote. Bado ni hivyo mvua zikikolea.

Gari lilifikaje huku, mbali na bahari zote mbili? Njia ya magharibi ilikuwa ndefu na ya kuchosha: bandari ya Matadi, reli, meli ya mtoni, reli tena, kisha Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, na hatimaye ziwa. Njia ya mashariki ilikuwa fupi zaidi. Reli ya Kati ya Tanganyika ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Ubelgiji na Uingereza zilitia saini mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo yao wenyewe bandarini Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mzigo wa Kongo uliteremshwa Dar es Salaam, ukasafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ukapakiwa melini na kuvuka ziwa. Kwa hiyo Mbembe wa ufukwe wa Kongo na Mha wa Kigoma, ingawa walitawaliwa na wazungu tofauti, walihudumiwa na bandari ile ile.

Kuna swali jingine ambalo wengi hawaulizi: kwa nini magari ya Marekani, wakati aliyetawala ni Mbelgiji? Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni sheria. Mkataba wa Berlin wa 1885, na baadaye mkataba wa Saint-Germain wa 1919, iliweka bonde lote la Kongo, pamoja na nchi za mashariki hadi Bahari ya Hindi, chini ya kanuni kwamba bidhaa za mataifa yote zilipe ushuru ule ule. Mbelgiji hakuruhusiwa kuyapendelea magari ya kwao, na Mwingereza hakuruhusiwa kufanya hivyo Kenya, Uganda wala Tanganyika. Mlango ulipokuwa wazi namna hiyo, alishinda aliyekuwa na gari imara kwa bei nafuu. Sehemu ya pili ni Antwerp. Katika bandari hiyo ya Ubelgiji, Ford, General Motors na Chrysler wote walifungua viwanda vya kuunganisha magari katika miaka ya 1920. Chevrolet iliyobuniwa Detroit ilifungwa skrubu zake Antwerp, ikapakiwa meli ya Ubelgiji, ikafika Kongo kana kwamba ni mtoto wa nyumbani.

Usukani nao ulikuwa mahali pake. Kongo huendesha kulia, kama Marekani. Tanganyika, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Mfanyabiashara wa Nairobi aliyetaka Ford alipata mara nyingi gari lililotengenezwa Kanada, kwa kuwa Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyopewa soko la makoloni ya Kiingereza na kutengeneza magari yenye usukani wa kulia. Kongo haikuhitaji marekebisho hayo.

Nairobi ya miaka ya 1920 inastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu ndiko utamaduni wa kulijenga gari upya ulikoonekana wazi kabisa. Walowezi wengi waliagiza chasisi tu ya Chevrolet, Buick au Overland: fremu, injini, magurudumu, na uso wa mbele. Bodi ilijengwa pale pale mjini na maseremala Wahindi, wengi wao Makalasinga waliokuja kujenga reli au watoto wao. Walitumia mbao, wakaweka sanduku kubwa nyuma la kubebea mahema, mbwa, nyama na watu, na paa la kukinga jua. Gari hilo lilijulikana kwa umbo la sanduku lake, na kwa miaka mingi lilikuwa ndilo gari la safari. Huu ndio ukweli ambao wapenzi wa magari ya kale husahau wanapotafuta gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani: huku kwetu, tangu mwanzo, nusu ya gari ilitoka Marekani na nusu ilitoka kwa fundi wa mtaani. Lori la Kongo nalo lilijengwa vivyo hivyo. Kabini na injini vililetwa. Mbavu za mbao za kushikilia mzigo zilichongwa na seremala wa karibu.

Sasa injini. Ni vema kusimama hapa, maana hapa ndipo mafundi walipojifunza kazi.

Mwisho wa mwaka 1928 Chevrolet ilitangaza gari la mwaka uliofuata lenye injini mpya ya silinda sita, iliyouzwa kwa bei iliyokaribia ya gari la silinda nne. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.2 hivi, valvu zake zilikaa juu ya silinda, na skrubu zake za kawaida, zenye ufa kichwani, ziliwafanya Wamarekani waifananishe na jiko la chuma la nyumbani. Haikuwa na mbio. Ilikuwa na nguvu ya chini, ile nguvu ya punda, ya kuvuta polepole bila kuzima. Oili haikusukumwa kwa mgandamizo mkubwa kila mahali kama katika injini za leo. Chini ya kila konrodi kulikuwa na kijiko kidogo cha chuma kilichochota oili na kuitawanya ndani ya injini kila kilipozunguka. Na mahali konrodi iliposhika shafti kuu hapakuwa na beringi ya kubadilisha kama ya sasa. Palikuwa na metali laini, mchanganyiko wenye bati nyingi, iliyomiminwa ikiwa moto ndani ya konrodi yenyewe.

Metali hiyo ililika. Ikilika, injini iligonga. Fundi mwenye uzoefu hakuhitaji kifaa chochote kuitambua silinda iliyochoka. Aliiacha injini ingurume polepole, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini na mpini sikioni, kama daktari. Kisha akaziua plagi moja moja, zile ambazo Kongo huitwa buji, kwa kuugusisha umeme wake kwenye chuma cha injini. Alipoiua plagi ya silinda mbovu, mgongano ulipungua, kwa sababu konrodi ile haikuwa tena na moto wa kuisukuma. Alikuwa ameipata.

Kilichofuata kilifanyika kwa mgongo, chini ya gari. Oili ilimwagwa kwenye karai na kutunzwa, kwani itarudi. Karai la injini likafunguliwa, kofia ya konrodi ikatolewa, na hapo, kati ya nusu mbili za chuma, kulikuwa na vibati vyembamba kama karatasi vilivyowekwa kiwandani makusudi. Fundi aliondoa kibati kimoja, akafunga tena, akajaribu kuizungusha shafti kwa mkono. Ikikataa, amebana mno, anarudisha. Ikizunguka kwa uzito wa kiasi, kama mlango ulio na bawaba nzuri, anaenda kwenye konrodi inayofuata. Injini iliyokuwa ikigonga asubuhi iliondoka jioni ikiwa kimya. Waliobuni gari hilo walijua kwamba litachakaa, wakaacha ndani yake nafasi ya mkono wa fundi. Huko Marekani kwenyewe madereva walisimulia jinsi walivyokata kipande cha mkanda wa suruali na kukifunga mahali pa metali iliyoyeyuka, wakafika nyumbani. Hakuna fundi wa Fizi ambaye angeshangaa kusikia hivyo.

Elimu hii haikupatikana darasani. Misheni na makampuni yalikuwa na karakana, na baadhi ya vijana walifundishwa humo kwa utaratibu. Lakini chuo kikubwa kilikuwa lori lenyewe. Tanzania msaidizi wa dereva anaitwa utingo, Kenya tanboi; Kongo ni boyi-shofere, jina ambalo lina ukoloni ndani yake hata kama mtu amepata mvi. Alipakia mzigo, alichota maji ya rejeta, aliziba pancha, alilala juu ya magunia. Mlimani alikimbia nyuma ya kamiyo, yaani lori, akiwa na gogo lililochongwa kama kabari, na injini ikishindwa akalisukuma nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi. Alipewa spana siku dereva alipochoka. Baada ya miaka kadhaa ya kushika taa na kutazama, alijua kwamba sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye ufa wa tangi la petroli huzuia mvujo hadi mji unaofuata, kwamba ute wa yai ukimwagwa kwenye rejeta yenye moto hugandia tundu na kuliziba, na kwamba tairi lililokosa mpira wa ndani linaweza kujazwa nyasi zilizoshindiliwa na bado likabeba mzigo, mradi dereva hana haraka. Gaskiti ilikuwa karatasi ngumu yoyote. Bushi za springi zilikatwa kwenye tairi kuukuu.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta jipu. Willys-Overland na Ford kwa pamoja walitengeneza zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945, na vita vilipokwisha yalitawanyika duniani kote kama mbegu. Willys haikungoja hata mwisho wa mwaka 1945: ilikwisha kuanza kuuza jipu la raia, lililotengenezwa kwa ajili ya mashamba. Injini ilikuwa ya silinda nne, lita 2.2, nguvu farasi 60. Matairi ya mbele na ya nyuma yalizungushwa yote na injini. Tangi liliwekwa chini ya kiti cha dereva, kama katika Model T, ila safari hii na pampu. Kiswahili kilimeza jina lake bila kutafuna: jipu. Katika nchi ya mito isiyo na madaraja, gari hilo lilibadilisha hesabu ya mahali ambapo ofisa, daktari au padri angeweza kufika na kurudi.

Likabadilisha pia hesabu ya vita. Uasi wa Simba ulipoenea mashariki mwa Kongo mwaka 1964, aliyekuwa na jipu alikuwa na mamlaka. Tarehe 28 Novemba 1964 jipu la kijeshi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Siku hiyo waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara, wamisionari Wasaveriani kutoka Italia, na baadaye, kule Fizi mlimani, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, padri Mkongo. Kanisa Katoliki liliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kwa waliosikia kisa hicho kwa wazazi wao, sauti ya injini inayosimama ghafla mlangoni haijawahi kuwa sauti ya kawaida.

Mwaka uliofuata mauaji hayo, chuma cha Marekani kilikuja kwa sura nyingine. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965 na kukaa na wapiganaji wa Fizi hadi Novemba. Dhidi yao, shirika la kijasusi la Marekani lilileta ndege na boti za mwendo kasi, na mamluki wa Mike Hoare waliishambulia Baraka kutoka ziwani mwezi Septemba. Wakazi wengine wakahama, wengine wakapanda milimani. Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake waliunda chama chao cha PRP katika milima ya Fizi na kuishikilia sehemu ya nchi hiyo kwa miaka mingi. Njia ya ziwa, iliyokuwa ya biashara, ikawa njia ya vizuizi na wanajeshi. Lori la mfanyabiashara halipendi kizuizi. Lilisimama Uvira.

Pigo lililomaliza kizazi kile cha magari, hata hivyo, halikuwa la risasi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yangekabidhiwa kwa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi, ambayo mengi yaliuza vipuri, yalibadilisha wenyewe. Wengi waliokabidhiwa waliuza kilichokuwa rafuni na hawakuagiza kingine. General Motors ilikuwa na kiwanda chake Kinshasa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, lakini Kinshasa ni mbali na Swima kuliko Dar es Salaam ilivyo, na njia ya kwenda huko ilikuwa ikifa. Ndipo Kongo nzima ilipoishi kwa kile watu walichokiita Ibara ya 15, sheria isiyoandikwa popote inayosema jitafutie mwenyewe. Fundi wa Fizi alikuwa ameshaiishi sheria hiyo tangu siku za gogo na sabuni. Sasa alilazimika kuifanya kuwa kazi yake yote: kuua gari moja ili jingine liishi, kufunga kabureta ya lori hili kwenye injini ya lile, kupeleka konrodi Bujumbura kwa mtu aliyekuwa na mashine ya kuchonga.

Kisha gari likafa kabisa, na hapo ndipo maisha yake ya pili yalipoanza. Springi za lori ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha kuchukua makali. Mhunzi huzipasha moto hadi ziwe nyekundu kama nyanya iliyoiva, akazigonga, akapata panga, jembe, kisu cha kukatia mikungu ya michikichi. Tairi likawa makatambuga. Mpira wa ndani ulikatwa nyuzi za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Bonneti ikawa mlango wa banda la kuku. Na rimu, ambayo Wakongo huiita jante, ilitundikwa kwenye tawi la mti mbele ya shule au kanisa, na kando yake pakawekwa nondo ya kuigongea. Rimu nzito ya lori la zamani ina sauti ndefu, yenye mwangwi unaozunguka ndani ya duara lake kabla ya kutoka. Inasikika hadi kwa wavuvi walio karibu na ufuko. Si kila rimu inafaa. Nyembamba za magari madogo ya siku hizi hutoa mlio mfupi, kama sufuria.

Toyota ilichukua nafasi iliyoachwa wazi. Land Cruiser, kisha Hilux, zilikuja na vipuri vinavyopatikana, na fundi mwenye akili hakuwa na sababu ya kuomboleza. Magari mengi ya sasa ya Uvira na Baraka ni yaliyokwishatumika Japani, yakapitia Dar es Salaam, yakiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Dereva hulazimika kumuuliza abiria wa kushoto kama njia ni nyeupe kabla ya kulipita lori. Kwa jambo hilo moja, Chevrolet ya Antwerp ilikuwa na adabu zaidi.

Mahali pengine Afrika Mashariki magari ya aina hiyo yamehifadhiwa kama urithi. Nairobi ina maonyesho yake ya magari ya kale na ya fahari, yaliyoanza mwaka 1970 na kufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambapo waamuzi huchungulia hadi chini ya bonneti. Kenya pia ina kumbukumbu ya mashindano ya magari ya Safari ya 1964, ambapo Ford ya Marekani ilileta kikosi cha Mercury Comet, magari makubwa ya V8, ikiamini nguvu ingetosha. Matope yaliyameza yote isipokuwa mawili. Mmoja wa waliomaliza alikuwa Joginder Singh, mtoto wa fundi, aliyezaliwa Kericho. Mwaka uliofuata alishinda Safari hiyo kwa Volvo iliyokwishatumika, aliyoiandaa yeye na nduguye Jaswant. Waliijua kila nati ya gari lao, na hilo liliwafaa kuliko silinda nane.

Miongoni mwa wanaokarabati magari ya kale duniani kuna ubishi usiokwisha: je, gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, au libaki na alama za maisha yake? Kwa gari lililoishi kwenye njia ya ziwa jibu linapaswa kuwa wazi. Jipu lenye bushi za tairi, kofia ya rejeta iliyochongwa kwa mti, na bati la bodi lililopigwa nyundo na kuunganishwa kwa kiraka cha pipa la mafuta lina historia ya Fizi ndani yake. Ukiyatupa hayo yote na kufunga vipuri vipya vilivyoagizwa, unapata jipu zuri la kiwandani Ohio, Marekani. La Fizi umelipoteza. Fremu itibiwe kutu, breki ziwe salama, nyaya za umeme zibadilishwe zisije zikawasha moto. Kiraka cha pipa kibaki, kipakwe rangi, kionekane.

Kazi yenyewe inawezekana uani mwa nyumba. Willys ya wakati wa vita ina umeme wa volti 6, na betri ya volti 6 yenye nguvu ya kuzungusha injini ni adimu. Lakini gari lina tundu mbele la kutia mtaimbo wa kuwashia kwa mkono, na betri ndogo inatosha kutoa cheche. Tairi zake ni za inchi 16, saizi ambayo bado inatengenezwa. Petroli ya leo haina madini ya risasi yaliyolinda viti vya valvu, hivyo fundi atavikagua mara kwa mara. Kikombe cha mpira kwenye breki ndicho kitakachomsumbua zaidi, kwa kuwa hakikubali kukatwa kwenye tairi. Mengine yote yanafunguka kwa spana.

Kipuri hicho kinapatikana wapi? Zamani jibu lingekuwa Kigoma au Bujumbura. Siku hizi huenda likawa kwa jamaa aliye ng'ambo. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, na kutoka huko maelfu wamepewa makazi Marekani. Wamejikuta katika nchi ambayo kila mtaa una mtu anayetumia Jumamosi yake gerejini kwake, mlango umefunguliwa nusu, miguu yake ikionekana chini ya Chevrolet ya 1955. Chama cha wapenzi wa magari ya kale huko, Antique Automobile Club of America, kilianzishwa mwaka 1935, na kila Oktoba wanachama wake hukusanyika Hershey, Pennsylvania. Hutandaza vipuri kwenye uwanja mkubwa kama samaki wanavyotandazwa mwaloni: kabureta kwa mafungu, taa za Model A, vibati vyembamba vya konrodi ndani ya bahasha zao za kiwandani, na rimu za malori zilizosimikwa safu baada ya safu. Mtu wa Swima akipita hapo na kuigonga mojawapo kwa ufunguo wa nyumba yake, atajua saa ya shule imefika.